Maneno ya Safu Moja

Kibodi tuliyoizoea, ile inayoanza na Q na kumalizika na M, ina herufi 26 zilizopangwa katika safu tatu. Safu ya juu ina kumi: Q, W, E, R, T, Y, U, I, O na P. Safu ya kati ina tisa: A, S, D, F, G, H, J, K na L. Safu ya chini ina saba zilizosalia: Z, X, C, V, B, N na M. Wasemaji wa Kiingereza wana mchezo mdogo unaotokana na mpangilio huu. Mchezaji hutakiwa kutafuta neno ambalo herufi zake zote zinatoka katika safu moja tu, na mshindi ni yule aliyepata neno refu kuliko wenzake.

Safu ya juu ndiyo yenye neema, kwa kuwa ina irabu nne kati ya tano. Humo hutoka “typewriter”, yaani taipureta yenyewe, “proprietor”, mmiliki, “perpetuity”, hali ya kudumu bila kikomo, na “repertoire”, jumla ya kazi ambazo msanii anazimudu. Yote manne yana herufi kumi kumi. Wapekuzi wa kamusi huongeza “rupturewort”, lenye herufi 11, ambalo ni jina la mmea mdogo uliodhaniwa zamani huko Ulaya kuwa unatibu ngiri. Safu ya kati ina irabu A peke yake, hivyo maneno yake ni mafupi: “glass”, “salad”, “flask”, na “alfalfa”, jina la majani ya kulishia mifugo ambalo Kiingereza kililipata kwa Kihispania, na Kihispania kikalipata kwa Kiarabu. Safu ya chini haina irabu hata moja, kwa hiyo haina neno, labda ule mkoromo ambao wachora katuni huuandika kwa Z tatu juu ya kichwa cha mtu aliyelala.

Kwamba jina la mashine linapatikana lote katika safu moja ya mashine hiyohiyo kumezua hadithi. Husimuliwa kuwa wauzaji wa mwanzo walitaka kuwavutia wateja kwa kuligonga jina hilo haraka, ndipo herufi zake zikakusanywa mahali pamoja. Hadithi hiyo ni tamu lakini haina ushahidi. Historia inatueleza mambo machache ya hakika: kwamba Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti wa Milwaukee nchini Marekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1868 akiwa na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule, kwamba kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa bunduki na cherehani, iliingia mkataba wa kuiunda mwaka 1873 na ikaanza kuiuza mwaka 1874, na kwamba mpangilio wa herufi tunaoujua leo ulikuwa umekaribia kukamilika kufikia mwaka 1878. Kuhusu sababu ya mpangilio wenyewe wataalamu hawajakubaliana. Wengi tumefundishwa kuwa herufi zilitenganishwa ili nyundo za mashine zisigongane. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kyoto, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, walitoa hoja kwamba mahitaji ya wapokeaji wa simu za maandishi za Morse ndiyo yaliyosukuma herufi huku na huko. Lililo wazi ni kwamba katika majadiliano yote hayo hakuna aliyekuwa akifikiria Kiswahili. Mpangilio ule ulitukuta tukiwa tunaandika kwa herufi za Kiarabu, na tulipohamia za Kilatini ukawa wetu pia.

Mimi nafundisha isimu katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza, nchi niliyoijia kwa ajili ya shahada ya uzamivu, na nisingeutilia maanani mchezo huu kama usingeingia nyumbani kwangu kwa mlango wa mtoto. Binti yangu ana umri wa miaka kumi. Alirudi nao kutoka shuleni, akaufanyia kazi wiki nzima, na alipokwisha kujaza ukurasa mmoja wa maneno ya Kiingereza aliniuliza kama Kiswahili nacho kina maneno ya namna hiyo. Aliuliza kwa Kiingereza. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba yapo, na kwamba tumuulize Bibi yake aliyeko Tanga, kwa sababu Bibi anaijua kibodi kuliko sisi sote.

Mama yangu alikuwa mhazili. Alisomea upigaji taipu katika miaka ya sabini, kisha akakaa zaidi ya miaka thelathini mbele ya mashine, kwanza ya chuma, baadaye ya umeme, mwishoni ya kompyuta, akiandika barua za wakubwa ambao wengi wao hawakuwahi kujua herufi P iko wapi. Kazi yake ilianzia katika safu ya kati. Wanafunzi walifundishwa kulaza vidole vinne vya kushoto juu ya A, S, D, F, na vinne vya kulia juu ya J, K, L na nuktamkato, gumba likingoja juu ya ubao wa nafasi. Kila kidole kilichokwenda juu au chini kilipaswa kurudi mahali pake. Waingereza wanaiita safu hiyo safu ya nyumbani. Mazoezi ya majuma ya kwanza yalikuwa ya safu hiyo peke yake, na yalikuwa ya Kiingereza: “ask dad”, “a sad lad”, “all lads fall”. Mama husimulia kuwa kila alipoandika “dad” kidole chake kidogo cha kushoto kiliwashwa, kikataka kuongeza A nyingine ili neno limalizike vizuri, liwe dada. Mwalimu alimkata alama kwa hilo.

Nakitaja kisa hicho kwa sababu kina somo la isimu ndani yake. Kile kidole hakikukosea kwa uzembe. Neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na mkono uliolelewa katika lugha hiyo huona neno linaloishia na konsonanti kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Waliounda yale mazoezi walikuwa wakizoeza vidole vya Kiingereza. Wasichana wa Tanga, Tabora na Morogoro walipitisha miezi wakiandika habari za wavulana wa Kiingereza wanaoanguka, ilhali barua walizokuwa wakiandaliwa kuziandika zilikuwa za Kiswahili, nchi ikiwa imeshaamua kuendesha kazi zake kwa lugha hiyo.

Je, safu ya nyumbani ingeweza kuwafundisha kwa Kiswahili? Nilikaa jioni kadhaa na binti yangu tukaipekua, na tulichokipata kilinishangaza mimi ninayelipwa kwa kazi ya kushughulika na maneno. Katika herufi zile tisa, zenye irabu moja tu, zimo falsafa, lahaja, fasaha, ladha, sadaka, shaka, hadaa, fadhaa, kashfa, ghala, ghafla, jaha na adha. Wamo kaka na dada. Zimo saa, kasa na kaa, awe wa baharini au wa jikoni. Lina herufi saba neno falsafa, sawasawa na “alfalfa”, na yote mawili yalipita katika Kiarabu kabla ya kufika yalipo. Ukiyatazama kwa makini utaona kuwa maneno mengi ya safu hiyo yametoka Kiarabu, na si kwa bahati tupu. Safu ya kati ina A peke yake, na maneno mengi tuliyoyakopa kutoka Kiarabu yamejaa irabu hiyo. Zaidi ya hayo, sauti tunazoziandika kwa herufi mbili, dh, gh na sh, zote zinakamilika ndani ya safu hiyohiyo: D na H, G na H, S na H ni majirani. Safu ya nyumbani, kwa macho ya Mswahili, ni bandari.

Wasomaji walioko Oman watanisamehe nikiwachukulia jina la mji wao: Salalah nao umo mzima katika safu ya kati. Limo pia neno “falaj”, jina la ile mifereji ya kale ya maji ambayo mitano kati yake imeorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2006. Lakini tukilitamka kwa Kiswahili tunasema falaji, na ile I ya mwisho inalitoa neno katika safu. Ni kidole kilekile cha mama yangu, kinataka irabu ya mwisho.

Safu ya juu ina tabia nyingine. Humo Kiarabu ni mgeni wa nadra, na ubantu ndio wenye nyumba: utoto, utupu, upepo, tope, pete, pepo, popo, pori, wito, tui, uteo, weupe. Yamo popote, wowote na yoyote. Umo utoro, neno ambalo sisi tulioko ughaibuni tunalisikia likisemwa kwa utani na kwa nusu ya ukweli. Vijiji na miji yetu imo pia: Wete kule Pemba, Tiwi kusini mwa Mombasa, Witu upande wa bara wa Lamu, Wote katika Makueni, Tororo mashariki mwa Uganda. Binti yangu aliyaandika yote katika daftari, na alipoona urefu wake alikata tamaa. Kiingereza kilikuwa na herufi kumi na 11. Sisi tulikuwa na sita. Nilimwambia tuna roporopo, yaani mtu asiyeweza kufunga mdomo, lenye herufi nane. Alicheka, lakini nane si 11.

Ndipo tulipompigia Bibi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizwa kama amekula na kama huko kuna baridi, mtoto alimweleza mchezo kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: “Safu gani?” Alipoambiwa ya juu, alinyamaza kidogo. Najua alikuwa akifanya nini: alikuwa akitembeza vidole hewani. Kisha akasema, “Topetope.”

“Hilo ni neno kweli, Bibi?”

“Ni tunda. Baba yako hajakwambia? Mti wake upo hapa nyuma, umemzidi yeye umri.”

Binti yangu hajawahi kuliona topetope. Nilimweleza ngozi yake yenye mabonge, nyama yake nyeupe, mbegu zake nyeusi zinazoteleza, na niliona kuwa maelezo yangu yanamfikia kama vile “rupturewort” ilivyonifikia mimi: jina la mmea fulani wa mbali, lenye herufi nzuri. Hili ni jambo ambalo wazazi wengi wa ughaibuni watalitambua. Tunawapa watoto maneno, na maneno yanafika, lakini kile kinachotajwa kinabaki forodhani.

Siku ya pili, alfajiri ya huku, ukaingia ujumbe katika simu. Mama huandika kama mhazili hata kwenye simu: hafupishi neno, haachi nukta, na baada ya kila nukta huacha nafasi mbili. Ulisema: “Mwambie mjukuu wangu aandike hili. Utupitiepitie. Ahesabu.”

Tulihesabu. U, T, U, P, I, T, I, E, P, I, T, I, E. Herufi 13, zote za safu ya juu, neno moja lililo sahihi kabisa kwa sarufi. Binti yangu alipiga kelele ya ushindi iliyowaamsha majirani, kisha akauliza maana yake. Nilimwambia: Bibi anakuomba uwe unapita kuwatazama, mara moja moja, usiwasahau.

Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria makala nyingi nilizopewa kuzitathmini. Kwanza kwa jicho la kazi yangu. Kiingereza kinapocheza mchezo huu kinatafuta katika kamusi, kwa kuwa neno lake refu huwa limeshaundwa na kuwekwa ghalani. Mama hakutafuta ghalani, aliliunda. Alichukua mzizi pit, akauongezea kiambishi cha kutendea, akaurudufu, akautanguliza kwa u- wa anayeambiwa na tu- wa wanaotendewa, akaufunga kwa -e. Hata umbo alilolichagua si la hiari yake. Safu ya juu haina A, na kitenzi cha Kibantu katika kauli ya kueleza jambo huishia na A. Haina pia kiambishi kamili cha njeo hata kimoja: -na- haimo, -li- haimo, -ta- haimo, -me- haimo. Kinachobaki ni dhamira tegemezi, ile inayoishia na E, ambayo kazi yake ni kuomba, kutaka na kutarajia. Tupite. Utoe. Tuwe. Kwa maneno mengine, safu ya juu ya kibodi hii, ikiandikwa kwa Kiswahili, haiwezi kusema jambo fulani lilitokea wala kwamba litatokea. Inaweza kuomba tu. Neno refu la Kiingereza likawa mashine au mmiliki. Letu likawa ombi.

Lipo jambo moja ambalo safu hiyo inaweza kulithibitisha, nalo ni kuwapo. Upo, yupo, tupo, ipo: yote yamo. Nipo halimo, kwa sababu N iko chini. Ukichunguza zaidi utaona kuwa mimi, nami, nina, yangu na kila namna ya kuyakinisha ambayo Mswahili hujitaja nafsi yake pekee inahitaji M au N, herufi za safu ya chini, safu isiyo na irabu na isiyoweza kusema lolote bila kusaidiwa na nyingine. Wewe na yeye wamo katika safu ya juu. Yetu imo. Mimi simo katika safu yoyote peke yangu.

Kwa nini hili liniguse? Kwa sababu ujumbe ambao mama hunitumia mara nyingi kuliko wote ni wa neno moja: “Upo?” Zamani alikuwa akiandika kurasa. Sasa mtoto wa jicho amemfunika jicho moja na la pili linafuata. Kwenye mashine ya chuma lisingekuwa jambo kubwa; mhazili aliyefuzu hatazami herufi, na kibodi za kompyuta zina vijinundu viwili, juu ya F na juu ya J, ili kidole cha shahada kipapase na kujua kimefika. Kioo cha simu hakina kijinundu. Kidole chake kilichojua njia kwa miaka zaidi ya thelathini hakina mahali pa kurudi. Nimemwambia atume ujumbe wa sauti, na hutuma, lakini anasema sauti ni ya kuzungumza na maandishi ni ya kuweka. Kwa hiyo huinamia kioo, akaweka herufi tatu zilizo safu moja na alama ya kuuliza. Ile “Utupitiepitie” ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote katika miezi ile. Sikumuuliza ilimchukua muda gani.

Safu ya kati nayo ina njeo zake, na hizo tulizigundua baadaye, mtoto na mimi, tulipokuwa tunafuatilia yale tuliyojifunza kwa Bibi. Kwa kuwa ina A, safu hiyo inaweza kubeba -ka- ya masimulizi, na kwa kuwa kiambishi cha nafsi ya tatu umoja ni a-, inaweza kumsimulia mtu mmoja tangu kuja hadi kuondoka: akaja, akakaa, akala, akalala, akafa. Maisha mazima bila kidole kuondoka nyumbani. Binti yangu aliona inachekesha. Kisha akauliza kama safu hiyo inaweza kukanusha, nikamwonyesha -ja-, ile ya jambo ambalo bado: hajala, hajalala, hajafa. Aliendelea mwenyewe, akaandika hajaja, akaniangalia. Hakuna aliyetufundisha kulitafuta neno hilo. Lilikuwapo tayari katika safu ya nyumbani, likingoja: herufi sita zinazosema kuwa mtu fulani anatarajiwa na bado hajafika. Ndiyo maneno hasa ambayo mama huwajibu majirani zake wa Ngamiani wanapomuuliza habari za mjukuu. Kati ya nauli ya watu wanne, karatasi za uhamiaji zilizochukua miaka, na mwaka wa maradhi uliofunga viwanja vya ndege, hajaja.

Mwenzangu mmoja wa kazini aliyekulia Lubumbashi alinisomea kwa utani hukumu nyingine. Kule wanatumia kibodi ya Kifaransa, ambayo safu yake ya juu inaanza na A na Z. Irabu zote tano zimo humo. Akaandika mbele yangu: utatupitiapitia, herufi 15. Katika kibodi yake ombi la mama limepata -ta- na -a, limekuwa utabiri, karibu ahadi. Alinionyesha pia kuwa Zaire, jina ambalo nchi yake ililibeba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, limo zima katika safu hiyo. Lakini falsafa imevunjika kwake, kwa kuwa safu ya kati ya Kifaransa haina irabu hata moja. Na wewe ameshushwa chini pamoja na W. Kila mpangilio wa herufi humpa mwandishi jambo na kumnyima jambo. Waliopanga hawakutujua, na wala sidai walitukusudia. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba lugha, ikibanwa katika uchochoro wowote, hata ule uliojengwa na fundi wa Milwaukee kwa ajili ya lugha nyingine, itapita kwa umbo lake yenyewe.

Hilo wazee wetu walilijua bila kibodi. Washairi wamejibana katika vina na mizani kwa karne nyingi, na hakuna anayesema kuwa kina kimewanyima la kusema. Watoto wa pwani walikuwa na kinyume, wakageuza nyumba kuwa mbanyu ili wakubwa wasielewe. Michezo hiyo ilikuwa ya sikio, na kipimo chake kilikuwa silabi. Huu wa safu ni wa jicho na kidole, na kipimo chake ni herufi; unaikata silabi vipande viwili, B ikabaki chini na A katikati, hata baba hawezi kuandikwa bila kupanda ngazi. Nilidhani kwa sababu hiyo utakuwa mgeni kwetu. Bibi aliuchukua kama mtu anavyochukua kisu cha jirani, akamenyea muhogo wake.

Na mtoto? Sitaki kuutia mchezo huu uzito usioubeba. Haujamfanya msemaji fasaha. Bado anaota kwa Kiingereza na kunijibu kwa Kiingereza anapokuwa na haraka. Lakini amejua jambo ambalo vitabu vya kujifunzia lugha nilivyomnunulia havikumfikishia: kwamba neno la Kiswahili linafunguka, lina milango mbele na nyuma, na kwamba mtu anaweza kuingia humo akatengeneza kitu ambacho hakikuwapo jana. Mwanzo alikuwa akiniuliza maneno. Sasa huniuliza viambishi. Majuzi alitaka kujua kwa nini safu ya juu inaweza kusema tupo lakini haiwezi kusema nipo, na nilipomweleza habari ya N alifikiri kidogo, akasema basi ndiyo maana ni rahisi Bibi kuuliza na vigumu sisi kujibu. Nimekaa katika kumbi nyingi za makongamano nisisikie uchambuzi ulio mfupi na safi kiasi hicho.

Tangu hapo amebadilisha masharti. Ameona kuwa maneno ya safu moja yana mwisho, na kwamba mengi anayoyahitaji hayamo. Ameanzisha orodha ya pili, ya maneno yanayopita safu zote tatu, na ametaka yawe mafupi kadiri inavyowezekana. Ndugu ni la kwanza: N ya chini, D na G za kati, U ya juu. Nyumba limo. Tanga limo pia, T juu, A na G katikati, N chini. Ameandika nitakuja, akaweka alama ya pembeni kwa kalamu nyekundu kuonyesha kuwa linapita kote, na akamtumia Bibi picha ya ukurasa huo, maandishi makubwa, kila herufi kama kidole cha gumba, ili asome bila kuinama.